Sura ya pili nimeiandika kwa mkono wangu, naambiwa asilimia 64 ni ya mashine

Wadau, nina hasira na sitaificha. Niko mwaka wa nne katika chuo kimoja hapa Kisumu. Jumatatu msimamizi wangu wa utafiti alinirudishia sura ya pili, juu yake kwa kalamu nyekundu ameandika: "AI asilimia 64. Andika upya." Yaani programu ya kukagua maandishi inadai asilimia 64 ya sura yangu imeandikwa na akili bandia. Basi. Hakunionyesha ni aya zipi. Hakuniuliza swali hata moja.

Utafiti wangu unahusu magugumaji na biashara ya akina mama wanaouza samaki ufuoni Dunga. Nimeshinda huko Jumamosi tano, nimekalia ndoo huku wao wakianika omena, naandika daftarini kwa sababu betri ya simu yangu haifiki saa sita. Kila kitabu nilichokitaja nimekisoma maktabani. Makala nimezisoma kwa simu usiku, bando likiwa nafuu. Sura yenyewe niliiandika kwanza kwa kalamu, kurasa 46, ndipo nikaipeleka kuichapa kwenye saiba moja Kondele. Kijana wa pale ananijua kwa jina.

Sasa sikieni linaloniuma zaidi. Tuko wanafunzi wanne chini ya msimamizi huyo. Mmoja wetu, rafiki yangu, aliiachia programu imwandikie sura zote tatu, kisha akalipia programu nyingine ya kulainisha maandishi yasigunduliwe. Ripoti yake ilitoka asilimia 3. Akapongezwa. Wiki iliyopita tukafanya mazoezi ya kutetea mapendekezo yetu, akaulizwa jambo dogo: "Watu wako ni 400. Mbona sampuli ni 200?"

Jibu liko kwenye fomula ya Yamane ya 1967 ya kupata ukubwa wa sampuli, ambayo sote wanne tumeitumia. Unachukua kiwango cha kosa, 0.05, unakizidisha chenyewe kwa chenyewe, kisha mara 400, unapata 1. Unajumlisha 1, zinakuwa 2. Mia nne gawanya kwa mbili. Ni hesabu ya dakika moja ubaoni. Alisimama na chaki mkononi, akageuka kuitazama slaidi yake, akaisoma kimyakimya midomo ikicheza, kisha akaiweka chaki chini akaketi. Na huyu ndiye aliyekuwa akitufundisha hesabu chumbani mwaka wa kwanza, saa nane za usiku, mpaka mtu aelewe! Akili yake haijaenda popote. Kilichoondoka ni ule uhakika, maana ni muda mrefu sasa hajajaribu kitu, akakosea, akarekebisha, akaona kumbe naweza. Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika tangu 1977 kwamba mtu huamini anaweza hasa kwa sababu ya yale aliyoyafanya mwenyewe akafaulu. Rafiki yangu amepewa pongezi, lakini kazi hakuifanya, na moyoni anajua.

Nami sijabaki salama. Juzi usiku nilitaka kumtumia msimamizi ujumbe wa kuomba miadi. Mistari miwili tu. Nikaandika, nikafuta. Nikaandika tena, nikahisi Kiingereza changu kinanuka mashine. Mwishowe nikafungua ChatGPT nikaibandika ile mistari, nikaiomba inisaidie nisikike kama binadamu. Mimi, ambaye mwalimu wetu wa sekondari kule Vihiga alikuwa akizisoma insha zangu mbele ya darasa! Nililia, wadau. Sikuwa nikiihitaji programu hiyo kuandika chochote mpaka nilipoambiwa kwamba niliyoyaandika si yangu.

Na hizo asilimia wanazozishika kama matokeo ya maabara hazina uzito huo. OpenAI, waliotoa ChatGPT Novemba 2022, walitoa pia kigunduzi chao, yaani programu ya kutambua maandishi ya mashine, Januari 2023. Julai mwaka huohuo wakakiondoa kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Wenye mashine wenyewe! Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, nao walichukua insha 91 za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, wakazipitisha kwenye vigunduzi saba. Insha 89 zilishukiwa na angalau kigunduzi kimoja, na zote zilikuwa zimeandikwa na watu. Programu hizi hupima jinsi neno linalofuata linavyotabirika. Ukiandika Kiingereza cha darasani, sentensi zilizonyooka na maneno uliyozoea, unahesabiwa mashine. Sasa nani kati yetu huku magharibi ya Kenya hakufunzwa hivyo? Tuliambiwa aya ianze na wazo kuu, viunganishi viwepo, maneno ya mtaani yasiingie. Tulipewa alama kwa hayo, leo ndiyo yanayotuhukumu. Chuo Kikuu cha Vanderbilt kule Marekani kilizima kigunduzi chake cha AI Agosti 2023. Huku kwetu hakuna anayetaka hata kulijadili.

Kuna wenzangu wameanza kuharibu Kiingereza chao makusudi. Wanaacha makosa ya tahajia, wanakata sentensi ovyo, ripoti ishuke. Mwaka wa nne chuoni mtu anajifunza kuandika vibaya!

Siwatetei wanaoandikiwa, waelewe hivyo wote. Wakamatwe. Lakini niite ofisini, funga kauntabuku yangu, niulize. Niulize mama wa samaki anafanya nini magugumaji yakifunga ufuo na boti zishindwe kutia nanga. Niulize kwa nini nimempinga yule mwandishi wa ukurasa wa 17. Dakika kumi zinatosha kumjua aliyeandika na aliyeandikiwa. Najua wasimamizi wamelemewa na wanafunzi, na hilo ni kosa la chuo kabla ya kuwa lao. Ila mzigo wao usinifanye mimi mwizi.

Alhamisi saa tatu asubuhi naingia ofisini kwake. Nitakwenda na zile kurasa 46, zenye mistari niliyofuta, tarehe za kila Jumamosi na doa la maji ya samaki kwenye jalada. Kama yupo hapa aliyewahi kupinga asilimia hizi akasikilizwa, tafadhali aniambie alianzia ofisi gani, kwa idara au kwa mkuu wa kitivo, na kama aliandika barua au alienda mwenyewe.