Tupeane uzoefu: bakapu unayo, siku unayoihitaji haifunguki

Mama Vipimo wa Ngamiani (mwanzisha uzi)

Habari za jioni. Wa Tanga wenzangu, na nyie wa Muheza na Pangani, sogeeni barazani kidogo.

Mimi ni mshonaji. Kichumba changu kiko Ngamiani, barabara ya ngapi sisemi, maana kuna wateja bado wamenuna. Wiki mbili kabla ya Idd nimetoka soko la Mgandini na bodaboda, kipochi begani. Kushuka, kipochi kipo, zipu wazi, simu hamna. Imeibwa au imedondoka, Mungu ndiye ajuaye.

Sikulia. Vipimo vyangu vyote vimo WhatsApp: huyu kanitajia kifua na kiuno kwa sauti, yule kapiga picha mshono anaoutaka, mwingine kabadilisha mikono mara tatu. Daftari nililiacha mwaka juzi nikajiona nimeendelea. Na nilijua kila usiku saa nane WhatsApp inajinakili yenyewe mtandaoni, ndiyo hiyo bakapu, kwa sababu kijana aliyeniuzia simu aliniwekea hivyo, tena akanionesha.

Laini nikairudisha siku ile ile, kidole na namba ya kitambulisho, nusu saa nimemaliza. Nikanunua simu ya mtumba. WhatsApp ikaleta namba za kuthibitisha, nikaingia. Ikauliza: bakapu yako iko kwenye akaunti gani ya Google?

Mwenzangu, hapo nilitafuta pa kukaa. Imeili ile aliifungua yule kijana wa dukani. Jina lake sijawahi kulisoma, nywila ndiyo kabisa. Yeye kahamia Dar, namba haipatikani. Bakapu ninayo, ufunguo hamna.

Siku tatu nimehangaika. Ya nne nikakumbuka tableti ya watoto, kioo kimepasuka utando wa buibui, imelala kabatini chini ya mabaki ya vitambaa. Niliwahi kuiwekea akaunti hiyo hiyo wapate katuni. Nimeichaji saa mbili nzima ndipo ikawaka. Imeili hii hapa! Na kumbe ukisema umesahau nywila, Google hukuamini upesi zaidi ukiwa kwenye kifaa inachokijua, mahali ulipozoea kukitumia. Namba zikaja kwenye laini, nikaweka nywila mpya, nikaiandika nyuma ya kalenda.

Nikafurahi mapema. Bakapu ya mwisho ilikuwa ya miezi miwili nyuma. Nafasi ya bure ya Google ni GB 15, na humo humo mna barua pepe, picha na kila kitu. Zamani bakapu za WhatsApp za simu za Android zilikuwa hazihesabiwi, ila tangu mwisho wa 2023 kuingia 2024 zikaanza kuhesabiwa. Yangu ilijaa nikiwa nimelala. Ilijazwa na nini? Maua ya waridi ya "asubuhi njema", video za harusi za watu nisiowajua, na mawaidha yale yale kutoka magrupu manne. Vipimo vya Idd ndivyo vilivyokosa pa kukaa.

Kumi na tisa niliwapigia waje nipime upya. Wengine walikuja, wengine wakaniambia "we shona tu, mwili wangu unaujua". Nimeshona kwa macho. Mmoja gauni lilimfika magotini, naye ni mke wa shehe.

Haya, semeni na nyie. Msinicheke peke yangu.

Kamera ya Makorora

Mama Vipimo pole, ila umenikumbusha aibu yangu.

Mimi napiga picha na video za harusi. Mwaka juzi nimepata flashi imeandikwa TB 2, bei elfu ishirini na tano. Nikasema riziki hiyo, zile diski kubwa za kompyuta (hard disk) za nini tena? Nikahamishia harusi mbili, moja ya Korogwe na moja ya hapa hapa Makorora. Nikachomoa, nikachomeka, mafolda yapo, majina yapo, ukubwa unasoma sawasawa. Nikafuta memori kadi za kamera niende kazi nyingine.

Siku ya kuhariri nafungua ya Makorora. Ya kwanza inacheza. Ya pili inacheza. Ya tano giza. Kuanzia hapo mpaka mwisho, giza tupu.

Nilivyokuja kuelewa baadaye ni hivi. Ndani ya flashi kuna kidude kinachoiambia kompyuta ukubwa wake. Matapeli wanakifundisha uongo, flashi ya GB 16 inajiita TB 2. Ukinakili, haikatai. Ikishajaa, yanayozidi yanaandikwa juu ya yale ya mwanzo au yanatupwa, na majina yanabaki pale kama vibao vya maduka yaliyofungwa. Kuna programu ya bure ya Wajerumani, H2testw, inaijaza flashi nzima halafu inasoma tena kila ilichoandika. Inachukua muda mrefu, unaweza kwenda kuswali, ukala, ukarudi bado inasoma. Lakini siku hizi sitii harusi ya mtu kwenye kitu ambacho hakijapita hapo.

Nilichookoa nilikipata kwenye zile memori kadi, kwa PhotoRec. Bahati nilikuwa sijapiga sana juu yake. PhotoRec haina habari na majina, inapekua kadi kutafuta alama za mwanzo za picha na video. Nikapata picha zaidi ya mia nne, zote zinaitwa f na tarakimu nyingi, Korogwe na Makorora zimechanganyika. Nikachambua usiku kucha. Nikapeleka albamu. Mama wa bibi harusi akafungua kurasa mbili tatu, akanyamaza, akaniuliza taratibu: "Mwanangu, huyu mwingine aliyekaa na mkwe wangu ni nani?"

Bwana harusi wa Korogwe alivaa suti ya rangi ile ile, wallahi.

Mtaa wa Pili

Hahaha Kamera, ulitoka salama?

Kamera ya Makorora

Nilitoka na nusu ya pesa. Salama ni hiyo.

Fundi Brashi

Wadau, mimi fundi simu, na hapa kwetu ugonjwa mkubwa ni bahari. Mtu kapanda boti kwenda Toteni, kapiga picha, kateleza. Au yuko Raskazone anaogelea, simu imo kwenye kaptula.

Wote wananiletea simu ikiwa ndani ya mchele. Ndugu zangu, mchele ni wa kupika. Hata Apple wenyewe wameandika kwamba simu yao isitiwe kwenye mchele, kwa sababu vumbi na vipande vyake vinaweza kuingia ndani vikaharibu. Na maji ya bahari si sawa na ya mvua. Yakikauka yanaacha chumvi, na chumvi inapenda unyevu, unyevu ndio tulionao Tanga mwaka mzima. Betri ikiwa bado imeunganishwa, umeme unapita kwenye ile chumvi, bodi inaliwa. Ukiiweka siku tatu kwenye mchele, umeipa kutu siku tatu za kufanya kazi bila bughudha.

Ikizama: izime. Usiichaji. Usibonyeze bonyeze kuona kama imepona. Niletee siku hiyo hiyo, mimi nachomoa betri, nasafisha bodi kwa spiriti na brashi laini. Hata mswaki nimetumia, ndiyo jina langu lilikotoka.

Jambo la pili, watu wananiambia "fundi, simu ife tu, we ninyofolee memori yake uweke kwenye nyingine". Zamani kidogo iliwezekana. Simu za sasa zinafunga data kwa siri iliyo kwenye prosesa ya simu hiyo hiyo. Nikihamisha kile kichipu peke yake, ni kama nimebeba sanduku, ufunguo umebaki ndani ya maiti. Lazima bodi yako yenyewe iamke, hata kwa dakika kumi, na wewe uwe unakumbuka patani, ule mchoro wa kufungulia simu. Kuna mama mmoja nilimuamshia simu baada ya siku mbili za kazi, patani aliyekuwa anaijua ni mtoto wake, na mtoto yuko bweni.

Mla Barazi

Fundi mimi simu yangu iliponea kwenye mchele. Ilizama kwenye ndoo ya kufulia.

Fundi Brashi

Ingepona hata kwenye maharage, ami. Ilipona kwa sababu uliizima.

Mla Barazi

Haya bwana. Mchele wenyewe tuliupika, ulikuwa unanukia sabuni.

Ticha wa Pongwe

Yangu fupi. Nilipeleka flashi steshenari kuchapa mitihani, kurudi mafolda yote yamegeuka vijialama vya njia ya mkato, kila kimoja KB mbili. Maksi za kidato cha pili na cha nne zimo humo. Fundi wa kwanza akasema "ifomatiwe tu, ticha". Namshukuru Mungu sikuwa na hela siku ile.

Mwanafunzi wangu mmoja ndiye aliyeniambia mafaili hayajafutwa, kirusi kimeyaficha, na ile njia ya mkato ukiibofya ndiyo unakiamsha kirusi chenyewe. Akafungua lile dirisha jeusi la Windows, akaandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (E ni herufi ya flashi, yako inaweza kuwa nyingine), akabonyeza. Folda moja moja zikaanza kurudi. Kisha tukanakili, tukapitisha antivairasi, na hapo ndipo tukaifomati.

Yule kijana hisabati alikuwa anapata D. Sikumpa maksi za bure, msiniulize.

Msomi wa Sahare

Nyie wote mnalia hamkuwa na nakala mtandaoni. Mimi yangu yote ilikuwa mtandaoni, na nililia vile vile.

Mei 2024 nilikuwa namalizia tasnifu. Naandikia humo humo kwenye Google Docs, sina hata ukurasa mmoja kwenye laptopu, wala sikuwa nimewasha kile kipengele cha kufanya kazi bila intaneti. Najisifu kabisa kwa wenzangu, "mimi laptopu ikiibwa sijali". Jumapili ya tarehe 12 nyaya za chini ya bahari zikapata hitilafu huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya nchi nzima ikawa mgonjwa mahututi. Ukurasa unafunguka nusu, unakaa, unarudi mweupe. Bando ninalo, umeme upo, laptopu nzima, tasnifu siioni. Na msimamizi alitaka sura ya nne Jumatano.

Nimekwenda mpaka ufukweni usiku, eti nikapate minara vizuri. Tatizo liko chini ya bahari, mimi natafuta juu ya mchanga.

Sasa kila Ijumaa napakua nakala, moja laptopu, moja flashi iliyoko kwa dada Muheza. Flashi niliipima kwa ile ya Wajerumani, Kamera, baada ya kukusoma hapa. Imepita.

Baharia Mstaafu

Nawasoma tangu alasiri, wajukuu.

Mimi mwaka 2016, tarehe 16 Juni usiku, simu feki zilipozimwa nchi nzima, yangu ilikuwemo. Ilikuwa na laini tatu, tochi, redio, na spika ya kusikika mpaka Chumbageni. Asubuhi inawaka, picha zinaonekana, saa inasoma, ila kupiga haipigi. Vijana mtaani wanalia namba zao zimo ndani ya simu, hawazijui kichwani hata moja. Mimi nilikuwa nimehifadhi kwenye laini. Laini inabeba majina 250 hivi, kwa mzee yanatosha, wengine wameshatangulia. Nikachomoa, nikatia kwenye kitochi, nikampigia mke wangu aliyekuwa jikoni. Kumwonesha tu.

Na namba ishirini muhimu zimo kwenye daftari, pamoja na tarehe za kuzaliwa za ng'ombe.

Mtaa wa Pili

Shikamoo mzee. Wewe ndiye uliyefaulu peke yako humu.

Baharia Mstaafu

Marahaba. Ila sasa ninayo hii ya kugusa, mjukuu alinitengenezea yote. Mna hakika hiyo imeili ninayo na mimi?

Mama Vipimo wa Ngamiani

Unayo babu, bila hiyo usingepakua WhatsApp kwenye Play Store. Fungua mipangilio ya simu, shuka mpaka uone neno Google, ingia. Juu kabisa kuna jina lenye kile kialama cha a iliyozungushiwa mduara. Usiliandike hapa lote. Ukitoka hapo ingia mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya soga, ufungue pa bakapu, utaona tarehe ya mwisho.

Baharia Mstaafu

Nimeona. Linaanza na "mtukutuwachumba", halafu tarakimu saba.

Tarehe ya bakapu imeandikwa "kamwe".

Fundi Brashi

Mzee, kesho baada ya alasiri nipo kazini. Njoo na simu, laini isitoke ndani, na huyo mtukutu uje naye.

Baharia Mstaafu

Yuko bweni.