Laptopu ya i5-7200U au kompyuta ya mezani ya i7-4790 kwa kurekodi kwaya? Nipo Kigoma

Kinanda_Gungu
Wakuu salaam. Nipo Gungu, Kigoma mjini, narekodi kwaya chumbani kwa programu ya Reaper. Mashine yangu ina RAM 4GB. Traki zikiongezeka, kinanda cha ndani ya programu kinaanza kukwaruza, mara sauti inakata kabisa. Nimeona mtumba mbili, bei zinakaribiana: laptopu yenye prosesa ya i5-7200U na SSD (diski isiyozunguka), na ya mezani yenye prosesa ya i7-4790 na diski ya kawaida. Zote RAM 8GB. Muuzaji ananisukumia laptopu, eti ni toleo la saba na ile nyingine ni la nne. Mnashaurije?

FundiIsevya
Muuzaji anahesabu matoleo, wewe hesabu kori, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja. Hiyo i5 ina kori 2 na imeundwa kwa wati 15 ili betri idumu. i7-4790 ni ya 2014, lakini ina kori 4, wati 84, na mwendo wake wa kawaida ni 3.6 GHz. Kwa kazi yako mezani inashinda, tena kwa mbali.

Sababu ni hii. Sauti inapita kwenye kompyuta kwa mafungu. Ukiweka bafa (ukubwa wa fungu moja) ya sampuli 128 kwenye 48 kHz, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde, prosesa ina milisekunde 2.7 tu kumaliza traki zote, riverbu (mwangwi), kompresa (ya kusawazisha sauti) na hicho kinanda, kisha fungu jingine linagonga mlango. Ikichelewa fungu moja, huo ndio mkwaruzo. Kwa hiyo usishangae ukiona prosesa imeandika asilimia 40 na sauti inakatika: ile ni wastani, na bafa haingoji wastani. Halafu ukipanga plagini sita, yaani hizo riverbu, kompresa na wenzao, kwenye traki moja ya sauti inayoingia, kila moja inasubiri iliyotangulia, kwa hiyo mzigo wote unabebwa na kori moja. Nyingine zinatazama.

Diski isikutishe. Traki moja ya mono ya 24-bit, 48 kHz inakula kama MB 8.6 kwa dakika. Hata traki 16 kwa mpigo hazifiki MB 3 kwa sekunde, diski ya kuzunguka inaziweza. SSD utaifurahia pale unapofungua sauti za kinanda zilizorekodiwa.

BintiCheyo
Fundi, hesabu zako sawa, ila hujataja umeme. Kwaya imesimama, soprano wamepata ile noti waliyoitafuta tangu mchana, umeme unakata. Laptopu inaendelea. Ya mezani inazima hapohapo na faili lililokuwa linaandikwa huenda lisifunguke. Mimi ningechukua laptopu nikavumilia udogo wake.

FundiIsevya
Ndiyo maana kuna UPS, betri ya akiba ya kompyuta, dada. Dakika chache zinatosha kumaliza ubeti na kuhifadhi. Na laptopu kwenye betri mara nyingi inapunguza mwendo yenyewe, ukiirudisha kwenye chaja unaweza kupata mvumo kwenye maikrofoni. Joto nalo: prosesa ikichemka inajishusha. Feni iliyojaa vumbi la kiangazi inaifikisha huko mapema.

Mzee_wa_Reli
Bendi ya zamani ya Tabora Jazz walirekodi bila hizo kori zenu.

BintiCheyo
Shikamoo mzee 😂 Wao walikuwa na fundi mitambo. Huyu yuko peke yake chumbani.

Traki_Kumi
Mimi nasema asinunue bado. RAM 4GB ikijaa, Windows inaanza kuhamishia vitu kwenye diski na mkwaruzo unakuja hata prosesa ikiwa imepumzika. Kama mashine inakubali, ongeza RAM kwanza. Kisha gandisha traki ya kinanda: Reaper inaigeuza kuwa sauti ya kawaida na kinanda kinaacha kula prosesa. Ukitaka kubadilisha noti, unaifungua tena. Na tumia dereva ya ASIO (inayopitisha sauti haraka kwenye Windows) ya intafesi yako mwenyewe, kile kifaa unachochomekea maikrofoni; ASIO4ALL, ile ya jumla, iwe ya dharura.

Ukishindwa ndipo ununue, lakini si hizo. Zote mbili haziko kwenye orodha ya Windows 11, na msaada wa Windows 10 ulikoma Oktoba 2025. Ulizia laptopu ya i5-8250U: wati 15 zilezile ila kori 4, na Windows 11 inaikubali.

Kinanda_Gungu
Nashukuru. RAM ya mashine yangu imechomelewa kwenye bodi, haiongezeki. Nikiweka bafa kubwa, waimbaji si watajisikia kwa kuchelewa?

Traki_Kumi
Wasikilize moja kwa moja kutoka kwenye intafesi, sauti yao isizungukie kwenye kompyuta. Hapo hata bafa ya 1024, ambayo ni kama milisekunde 21, haiwasumbui. Bafa ndogo iache kwa siku ya kupiga kinanda cha programu.

Kinanda_Gungu
Basi namuuliza muuzaji hiyo 8250U. Akikosa, nachukua ya mezani pamoja na UPS. Chumba ni kimoja lakini, feni yake haitaingia kwenye maikrofoni?

FundiIsevya
Itaingia. Iweke koridoni, monita na kipanya vibaki ndani. Waya wa USB wa intafesi usizidi mita 5, na usiuunge kwa viungio vya bei rahisi.