Je, Seita wa "Hotaru no Haka" anastahili lawama?

Swali
Ndugu zangu, nimeitazama tena filamu ya katuni ya Kijapani "Hotaru no Haka", yaani Kaburi la Vimulimuli, ya mwaka 1988, na bado jambo moja linanisumbua. Baada ya mama yao kufariki kwa majeraha ya moto, mji wa Kobe uliposhambuliwa kwa mabomu mwaka 1945, Seita mwenye miaka 14 anamhamisha mdogo wake Setsuko, mwenye miaka 4, kutoka kwa shangazi anayewasimanga, wanakwenda kuishi katika handaki kando ya bwawa, na huko utapiamlo unamwua mtoto. Je, si afadhali angevumilia masimango?

Jibu la kwanza
Mimi siwezi kumlaumu. Shangazi alizibadilisha kimono, yaani mavazi ya Kijapani, za marehemu mama yao kwa mchele, kisha akawapa watoto wenyewe uji mwepesi huku wa nyumbani mwake wakila wali. Ni mtoto gani angekaa hapo?

Jibu la pili
Naomba nitofautiane nawe kidogo, ndugu yangu. Wakati ule chakula kiligawiwa kwa mgawo kupitia vyama vya ujirani, kwa hiyo aliyejitenga na watu alijitenga pia na mchele, hata kama mama yake alimwachia fedha benki. Mkulima mmoja katika filamu alimweleza Seita hayo waziwazi na kumshauri arudi akaombe radhi. Mwongozaji Isao Takahata, ambaye akiwa na miaka 9 alinusurika shambulio la mabomu katika mji wa Okayama, alikataa filamu hii iitwe ya kupinga vita. Alitaka vijana wa wakati filamu ilipotoka wajione ndani ya Seita.

Jibu la tatu
Tusimsahau Akiyuki Nosaka, aliyeandika hadithi yenyewe mwaka 1967. Mdogo wake wa kulelewa alikufa kwa njaa mwaka 1945, naye alikiri kwamba alikuwa akila chakula kilichopaswa kuwa cha mtoto yule. Seita, anayempa Setsuko kila anachopata, ni kaka ambaye Nosaka alitamani angekuwa. Hata hivyo hakumwacha hai: filamu inaanza Seita akikata roho katika stesheni ya Sannomiya, na kopo la peremende lenye mifupa ya Setsuko linatupwa gizani.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Sikujua habari za mdogo wake Nosaka, na sasa kopo lile nitalitazama kwa macho mengine.