MREJESHO: Binti yangu na chuo cha kuchezea softiboli

Wakuu, habari za siku. Mwaka jana niliuliza hapa: binti yangu ni mdakaji (yule anayedaka mipira nyuma ya mpigaji), tuko Texas, achague vipi chuo cha kuchezea softiboli (mchezo unaofanana na besiboli)? Nimerudi, na shukrani tele.

Ushauri uliotuokoa ni wa yule mdau aliyesema tufungue orodha ya wachezaji ya kila chuo, tuangalie wadakaji wako mwaka wa ngapi. Chuo kilichokuwa kinamsifia kuliko vyote kilikuwa na wadakaji watatu, wote wa mwaka wa kwanza. Angesugua benchi karibu hadi ahitimu. Tukakifuta.

Kambi za mazoezi za vyuo vya Divisheni ya Kwanza (ngazi ya juu kabisa ya michezo ya vyuo) hazikuzaa kitu. Tulilipa, akacheza vizuri, tukaishia kutumiwa mialiko ya kambi nyingine (ile ni biashara, tusidanganyane).

Divisheni ya Tatu walimtaka, ila huko NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani) hairuhusu ufadhili wa michezo, na msaada wa masomo waliotupa haukutosha. Amesaini chuo cha miaka miwili kilicho chini ya NJCAA (chama cha michezo cha vyuo vya aina hiyo): ada inalipwa, bweni na chakula juu yetu. Anasomea uuguzi, na ratiba ya maabara inagongana na mazoezi. Hilo bado tunalijadili na kocha.