Nyanya za uani zinapukutisha maua msimu wa baridi

Mama wa Uyole:
Ndugu zangu wakulima, salamu. Nina eneo dogo nyuma ya nyumba hapa Uyole, Mbeya, linalotosha mashina ishirini tu, ambamo mwezi wa Mei nilipandikiza nyanya aina ya Cal-J. Mimea imenawiri vizuri, lakini tangu Juni maua yananyauka na kupukutika pamoja na vikonyo vyake, na matunda machache yaliyotunga yamebaki madogo kama gololi. Nimeweka urea mara mbili bila kuona mabadiliko. Je, kosa langu ni lipi?

Mkulima wa Mafinga:
Dada, urea iache kwanza, kwani naitrojeni yake ikizidi hukuza majani na kuchelewesha matunda. Hata hivyo, mchawi hasa ni baridi ya usiku: joto likishuka chini ya nyuzi 13 hivi, chavua hudhoofika na ua hudondoka bila kutunga. Mimi niliokolewa na ukuta. Miezi hii jua letu hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta wa matofali ya kuchoma unaotazama huko hupigwa na jua mchana kutwa, na ukiugusa saa mbili usiku bado una uvuguvugu. Mashina niliyopanda hatua moja kutoka hapo yalizaa, ilhali yale ya upande wa kivulini yalibaki majani matupu. Kwa yaliyokwisha kupandwa, yafunike kwa nailoni jioni.

Bwana Shamba Mstaafu:
Naunga mkono, ila nailoni hiyo ifunuliwe asubuhi mapema, maana unyevu ukituama majanini pamoja na ubaridi huleta ugonjwa wa bakajani chelewa, unaotia majani mabaka meusi. Geuza jani lenye baka jeusi. Ukiona utando mweupe upande wa chini, ng'oa shina hilo ukalifukie mbali. Mwagilia shinani, asubuhi, wala usipande karibu na viazi mviringo (najua kwetu ni vigumu kuviepuka!), kwa kuwa ugonjwa wao ni mmoja.

Mama wa Uyole:
Nashukuru sana. Ukuta wa jiko langu unatazama kaskazini, nami nimeupangia kuni. Na hizi zilizogoma kuiva?

Mkulima wa Mafinga:
Zilizokwisha kukomaa na kuanza kubadilika rangi zichume, uziweke ndani kwenye kikapu pamoja na ndizi mbivu moja au mbili, kisha ufunike. Zile za gololi ziache shinani. Kuni zihamishe leo.