Naomba ushauri: stadi badala ya bolti za hedi, Subaru EJ20 ya tabo

Wakuu, naomba ushauri kabla hedi (vifuniko vya silinda) hazijafungwa. Injini iko chini, hedi zimeshachongwa. Nataka kuacha bolti za kiwandani niweke stadi (vyuma vyenye meno ncha zote mbili, vinavyofungwa kwa nati) za kampuni ya ARP, 12, sita kila upande. Bloku ni ya aluminiamu, na bolti inapokazwa huyasugua meno ya bloku huku imebana. Stadi huingizwa kwa mkono, kazi ya kukaza ikabaki kwenye nati. Matundu ya stadi yatapulizwa yakauke kabisa, maana oili ikibaki chini inaweza kupasua bloku.

Toki (nguvu ya kukaza) ya kitabu cha gari haifai hapa, maana grisi ya kupaka kwenye meno ni nyingine. Je, mnapandisha toki kwa hatua tatu moja kwa moja, au mnalegeza na kukaza upya kwanza? Injini ikishapata moto, mnarudia kukaza?