Tupeane uzoefu: Waliojaribu mapishi ya kale nyumbani

Mpishi Mdadisi: Wadau, leo nimekutana tena na mapishi ya Babeli, yale ya kwenye vigae vya udongo vilivyoko Chuo Kikuu cha Yale, ya karibu mwaka 1730 KK. Nikakumbuka yalivyonitoa jasho! Nyama ya kondoo, mafuta, vitunguu, liki (jamii ya kitunguu, yenye majani marefu), saumu, bitiruti, giligilani, basi. Hakuna kipimo, hakuna muda. Mwandishi alimwandikia mtu aliyekwisha kujua kupika. Mpaka nilipoziponda liki na saumu pamoja ndipo mchuzi ulipokaa sawa. Nani mwingine amepitia haya?

Bi Karafuu: Mimi hapa. Mapishi ya Ulaya ya zama za kati yanasema chemsha kwa muda wa kusali Baba Yetu. Nikasali kwa sauti huku nakoroga. Ni nusu dakika hivi, na ilitosha kabisa.

Sufuria Nyeusi: Nilipika mchuzi wa Baghdad wa karne ya 10, nikaongeza nyanya. Ulinoga mno.

Mzee Kinu: Nyanya Baghdad karne ya 10? Nyanya asili yake ni Amerika, ilivuka bahari baada ya 1492. Huo ni mchuzi wako ndugu yangu, usiwasingizie watu wa Baghdad.

Sufuria Nyeusi: Na wewe mzee unapikia gesi. Walikuwa nayo?

Mzee Kinu: Gesi hailiwi. Nyanya inaliwa.

Kijiko Sawia: Jamani, Waroma wenyewe walibadilisha. Silfio, kiungo cha mmea kutoka Kirene huko Afrika Kaskazini, ilipoadimika wakatia mvuje. Kubadilisha si dhambi, ila sema umebadilisha nini.

Mama Mitungi: Ngojeni niwaambie, maana hili halijanitoka. Shemeji yangu alipata kitabu cha mapishi cha mwanzoni mwa karne ya 20, akapenda ukurasa wa kuhifadhi maharage mabichi: yatie kwenye mitungi ya glasi, funga, chemsha mitungi ndani ya maji saa tatu. Akafuata neno kwa neno. Wiki kadhaa baadaye, usiku wa manane, tukasikia mlipuko kabatini. Vigae vya glasi mpaka sakafuni. Mitungi iliyobaki vifuniko vimevimba. Shemeji akafungua mmoja, akanusa, akasema harufu ni nzuri, akachukua kijiko. Nilimpiga mkono kijiko kikaruka! Alinikasirikia, watoto wakaanza kulia. Lakini mimi nilikuwa najua: vijidudu vya botulini, vile vinavyotoa sumu ya kuua kwenye chakula, hujificha kama mbegu, na maji yanayochemka kwa nyuzi 100 hayaziui. Kwa mboga zisizo na uchachu inatakiwa mashine ya presha ifike kama nyuzi 116. Na sumu yenyewe huioni, huinusi, huionji. Tukaitupa mitungi yote.

Bi Karafuu: Mungu wangu. Hakuwa ameonja kabla?

Mama Mitungi: Hapana, ashukuriwe Mungu. Sasa hivi ananishukuru.

Liki Mbichi: Ndiyo maana vitabu vya zamani mimi nasoma tu, sipiki.

Kijiko Sawia: Usiache kupika dada! Yaache ya kuhifadhi kwenye mitungi. Maharage yakaushe, hiyo ni njia ya kale zaidi na haina presha.

Mpishi Mdadisi: Na garumu ya Kiroma je? Matumbo ya samaki na chumvi, juani miezi. Nilitaka kuanza.

Mama Mitungi: Usithubutu.

Mzee Kinu: Chumvi ikiwa nyingi inawezekana.

Liki Mbichi: Nunua mchuzi wa samaki wa dukani, majirani wasikuhame.

Sufuria Nyeusi: Mzee Kinu, basi nikiacha nyanya, ule uchachu wa Baghdad niupate wapi?

Mzee Kinu: Siki, maji ya zabibu mbichi, sumac (kiungo chachu cha unga wa matunda) au komamanga. Anza na siki kidogo, maana komamanga lina utamu wake. Ukishapika njoo utuambie.